Barabara Moja ya Elva Jessup

Elva Jessup hakuwa mkimbiaji. Hilo tulimalize mapema, maana siku hizi ukitaja mtu wa mbio, watu wanaanza kuona misuli na miguu mirefu iliyopakwa mafuta. Elva alikuwa na miguu mifupi, magoti yasiyosemeshana, na mwendo ambao ukimtazama kwa mbali hujui kama anakuja au anaondoka. Hata hivyo kwa miaka kumi Jumamosi haikumkuta nyumbani, labda iwe mafuriko. Sisi wa Wirrabah, kamji kadogo ka ngano huku Australia, tulizoea kuliona gari lake la kijivu, lenye mlango mmoja wa bluu, likitoka mjini Ijumaa mchana kama limeiba kitu, na kurudi Jumamosi jioni limejaa vumbi la wilaya za watu.

Alianza kwa sababu ya choo. Alikuwa na miaka sabini na mitano, ametoka kununua miche ya nyanya huko Dubbo, amebanwa vibaya, akaona choo cha umma kando ya mto. Alipotoka, kundi la watu kama mia mbili lilikuwa limejaa kati yake na gari lake, na mwanamke mmoja mwenye kizibao cha njano amepanda juu ya benchi anatoa maelezo. Kilomita tano, bure, kila mtu kwa mwendo wake, mbwa wafungwe kamba. Kisha akauliza kama kuna wageni. Elva, ambaye alikuwa anahangaika kupenya, akanyoosha mkono kuomba njia.

"Haya, karibu! Umetoka wapi, mpenzi?"

"Wirrabah," Elva akasema. "Na hilo gari pale ni la kwangu."

Watu mia mbili wakampigia makofi.

Hebu fikiria. Mwanamke aliyeendesha basi la shule miaka ishirini na tisa, akaambulia miluzi na maganda ya ndizi, anapigiwa makofi kwa kutaja tu mahali anapokaa. Alisimama pale na miche yake ya nyanya ikipigwa na jua garini, akasahau alikuwa anakwenda wapi. Watu walipoanza kukimbia naye akaanza kutembea, na viatu vyake vya kwendea mjini, mkoba begani. Alifika karibu na mwisho kabisa, anahema, amemtukana kila mtoto aliyempita, na bado wakampigia makofi tena na kumkatia kipande cha keki ya karoti.

Jumamosi iliyofuata alirudi, akanyoosha mkono, akataja Wirrabah kwa sauti kubwa. Wakapiga makofi. Ya tatu wakamwambia, "Aa, Elva, karibu tena," wakapiga kidogo, maana wewe mtu anayekuja kila wiki utamwitaje mgeni? Elva hakununa. Aliuliza tu kama mbio za namna ile ziko kwenye miji mingine pia. Wakamwambia ziko kila mji wenye bustani na watu wa kujitolea, nchi nzima, kila Jumamosi asubuhi. Alikwenda nyumbani akanunua tairi mpya nne.

Akazunguka. Alitembea kandokando ya mito, ya maziwa, ya makaburi, na mara moja kulizunguka bwawa la maji machafu, ambako alisema wenyeji walikuwa wakarimu ila usivute pumzi. Alishambuliwa kichwani na wale kunguru wa madoa wanaokuwa na wazimu msimu wa mayai. Alilala kwenye hoteli ambazo panya walikuwa wenyeji kuliko mwenye hoteli. Na kila mahali ilikuwa hivyo hivyo: maelezo, wageni mko wapi, mkono juu, "Wirrabah!", makofi. Ukimwambia ni ujinga kuendesha kilomita mia nne ili upigiwe makofi na watu usiowajua, alikujibu kwamba wewe umekaa Wirrabah maisha yako yote na wanaokujua hawajakupigia hata kofi moja. Utasemaje?

Kuna adabu moja ya mbio hizo ambayo lazima niiseme, maana ndiyo iliyomponza. Kwenye kila kona anasimama mtu wa kujitolea, kizibao cha njano mwilini, anakuonyesha njia na kukupa moyo. Wewe unayepita unatakiwa umshukuru. "Asante kwa kujitolea!" Usiposema unaonekana huna malezi. Basi Elva, ambaye kwetu alimwambia mtu aliyemtoa kwenye mafuriko kwamba amechelewa, huko mbioni alikuwa na shukrani za kumwaga. Akikiona kizibao cha njano, mikono inapanda yenyewe, anapiga makofi, anapaza sauti. Ilikuwa imemwingia mwilini kama kupiga chafya. Dukani Wirrabah alishamshukuru fundi wa umeme, zimamoto wawili, na mtoto aliyevaa koti la mvua la njano.

Sasa Clarrie. Clarrie Jessup alikuwa mume wake, halafu akawa si mume wake, na Elva alisema kati ya Clarrie hao wawili, wa pili alikuwa afadhali. Waliachana wakiwa na miaka hamsini na kitu, kwa sababu ambazo kila mmoja alizieleza kivyake. Clarrie alisema ni kwa kuwa Elva hakuwahi kukosea hata siku moja. Elva alisema ni kwa kuwa Clarrie alikuwa anapiga mluzi kwa pua wakati wa kula. Clarrie akahamia Gunnalong, kilomita sitini magharibi, akafuga kuku, akazeekea huko. Macho yakaanza kufifia, leseni ikachukuliwa, na Gunnalong haina basi, haina teksi, haina kitu ila maghala ya ngano na baa moja inayofunguliwa mwenyewe akijisikia.

Aliyewakutanisha tena ni binti yao, Roslyn, anayeishi Perth, upande wa pili wa nchi. Alimpigia mama yake simu.

"Mama, baba hajatoka nyumbani tangu Pasaka."

"Ningekuwa na sura ile hata mimi nisingetoka."

"Mama!"

"Haya, haya. Ijumaa nitampitia. Mara moja tu, unasikia?"

Alikwenda kumchukua ili binti anyamaze. Alimkuta Clarrie barazani, amevaa tai, mfuko wa nguo magotini, mayai sita ya kuchemsha kwenye kitambaa. Walianza kugombana kabla gari halijatoka Gunnalong, kuhusu njia. Wakagombana kuhusu dirisha, kuhusu redio, kuhusu mbwa aliyekufa kabla Roslyn hajaolewa. Wakagombana kuhusu nani aliyesema nini kwenye harusi ya dada yake Clarrie. Elva alipotazama nje, wamefika mji wa mbio. Barabara ambayo akiwa peke yake ilikuwa inamtia usingizi na kumuumiza kiuno, siku hiyo hakuiona.

"Vyumba viwili," alimwambia mwenye hoteli kabla hajaulizwa. "Na kama unavyo vilivyo mbali kimoja na kingine, nitashukuru."

Asubuhi Clarrie naye akataka kushiriki. Kwa macho yale, kumwachia mbele ingekuwa kumtosa mtoni, basi wakampa kazi ya kutembea nyuma ya wote, na kizibao chake, ili asiwepo mtu wa kusema amekuwa wa mwisho. Huko mbioni wanamwita mkia. Clarrie alikuwa mkia mzuri sana. Alimfuata Elva kwa masikio. "Hata nikipofuka kabisa sitapotea," aliwaambia watu. "Nakwenda kule kunakolalamikiwa."

Ikawa ndiyo hivyo miaka minane. Ijumaa Elva anakwenda magharibi kumchukua Clarrie, wanakwenda popote penye mbio, vyumba viwili, Jumamosi Elva mbele na Clarrie hatua chache nyuma yake, wanabishana kilomita zote tano, na jioni anamrudisha kwa kuku wake. Wenyeji wa huko wakiwatazama walidhani ni wapenzi wa tangu utoto.

"Mmekaa kwenye ndoa muda gani?" waliulizwa siku moja.

"Hatumo kwenye ndoa," Elva akajibu. "Ndiyo maana unamwona bado anapumua."

Kisha Elva akakaribia miaka themanini na mitano. Kwetu ukifika umri huo, serikali iliyokusahau maisha yote inakukumbuka ghafla. Unaambiwa uchague: ama ufanye mtihani wa kuendesha gari, mkaguzi kakaa pembeni yako, kama vile ni juzi umejifunza gia, ama ukubali leseni ndogo, ya kukufikisha dukani na kwa daktari, basi. Wazee wengi wanachukua ile ndogo na kunyamaza. Elva alisema leseni ndogo wampe kuku.

Alichowaambia watu ni kwamba wasiwasi wake ulikuwa fulana. Ukimaliza mbio mia tano unapewa haki ya kuvaa fulana maalumu, na Elva alibakiza nne. Alishaitengea hanga kabatini. Alimweleza kila mtu habari ya fulana: mwuza nyama, daktari, mwanamke wa maktaba. Na Clarrie naye akaelezwa, garini.

"Leseni ikienda, na mimi nimekwenda," Clarrie alisema. Alikuwa anamenya yai.

"Nani kakutaja wewe? Mimi nazungumza habari ya fulana."

"Nasema tu."

"Usiseme tu. Na hayo maganda usiyatupe sakafuni."

Lakini Alhamisi, akimenya viazi jikoni kwake, Elva alijikuta amesimama na kisu mkononi, hamenyi. Alikuwa anamwona Clarrie barazani na tai yake na mfuko magotini, anasikiliza barabara, Ijumaa nzima, na gari haliji. Tuseme wazi, aliogopa. Si fulana. Aliogopa kwamba bila mbio hana sababu ya kwenda Gunnalong, na bila sababu hatajua amwambie nini yule mzee. Miaka minane walikuwa wanasafiri pamoja na hata siku moja hakuwahi kumwambia kwamba anakuja kwa ajili yake. Aliona afadhali akatwe mguu. Akakitupa kiazi kwenye maji kwa hasira, kikaruka, kikaingia chini ya jokofu, na huko kikabaki.

Utasema, kwa nini wasiombe lifti? Waliwahi. Marg Dunstan wa duka la dawa aliwapeleka mara moja mpaka Yarranook, kilomita sabini mashariki, ambako ndiko kwenye mbio za karibu kuliko zote. Marg alirudi na kipandauso cha siku tatu. Alisema hajawahi kuona watu wawili wanaobishana kuhusu ng'ombe ambaye mmoja wao hamwoni. Baada ya hapo wote wenye magari Wirrabah wakawa na shughuli siku za Ijumaa.

Basi Elva akajiandaa kwa mtihani. Clarrie alijitolea kuwa mkaguzi wa mazoezi. Alikaa kiti cha mbele, mgongo wima, anatoa amri kwa sauti ya serikali.

"Breki!"

Elva akakanyaga. Mayai yakaruka. "Kuna nini?"

"Kangaruu, pale kushoto."

"Clarrie, hilo ni sanduku la barua la Bob Tierney."

"Limekaa vibaya."

"Limekaa hapo miaka arobaini!"

"Basi breki zako ni nzuri," Clarrie akasema. "Hapo umefaulu."

Siku ya mtihani Elva alimpitia Clarrie asubuhi na mapema, ili asije akasema hakushirikishwa, akamweka kwenye benchi la ofisi ya leseni mjini kwetu na kumwambia asiongee na mtu. Mkaguzi alikuwa Bwana Foy, kijana aliyekuja kutoka mji mkubwa, ambaye tulikuwa tunamwona mara moja kwa msimu. Alivaa viatu vyeupe. Alimsalimia Elva vizuri, akafunga mkanda, akauangalia ule mlango wa bluu.

Na mimi nakwambia Elva aliendesha. Alitazama vioo, akawasha indiketa, akasimama panapotakiwa kusimama, akampisha mtu na mbwa wake. Aliegesha gari kinyumenyume mbele ya benki kwa mara moja tu, jambo ambalo meneja wa benki mwenyewe hajawahi kuliweza. Bwana Foy alianza kulegeza mabega. Alimuuliza hata habari za mvua. Elva akawaza, nimeshawapata hawa, na kichwani akamwona Clarrie barazani kwake, na gari linakuja.

Wakatoka mtaa mkubwa, wakapita maghala, na pale kwenye kona walikuta barabara inatengenezwa. Kulikuwa na koni za plastiki pembeni, na mwanamke mwenye kofia kubwa, kizibao cha njano mwilini, ameshika mti wenye kibao. Upande mmoja SIMAMA, upande mwingine POLEPOLE. Aliwageuzia POLEPOLE.

Wewe ungepita. Mimi ningepita. Lakini Elva aliona kona, akaona kizibao cha njano, na Jumamosi zote za miaka kumi zikampanda mikononi. Dirisha likashuka. Mikono yote miwili ikaachia usukani.

"Asante kwa kujitolea, mpenzi!" akapiga makofi. "Unafanya kazi nzuri sana!"

"Nalipwa, bibi," yule mwanamke akasema.

"Bi Elva, usukani!" Bwana Foy akasema.

"Ee, samahani, samahani." Akaushika. Alijuta kweli, jamani, msifikiri ni kiburi. Alijiambia, Elva, we mpumbavu, mikono hapa, usiitoe hata ikiwashwa. Akaukaza usukani mpaka vidole vikawa vyeupe. Mbele kulikuwa na kijana mwenye koleo na kizibao cha njano.

"Asante kwa kujitolea!" Mkono mmoja tu safari hii, na Elva aliona kwamba hapo amejirekebisha.

Wa tatu alikuwa ameinama, hakumwona, lakini alishukuriwa mgongo. Wa nne alikuwa mzee amekaa kivulini anakula pai ya nyama, na sijui ni ule uzee, sijui ni ile pai, Elva akamhurumia, akageuka kabisa, mikono miwili, makofi ya nguvu. Ndipo koni ikaingia chini ya gari. Ilivutwa kama mbuzi asiyetaka kwenda sokoni, inalia barabara nzima, mpaka Bwana Foy akavuta breki ya mkono.

Bwana Foy aliandika kitu kwenye karatasi yake.

"Umeachia usukani mara nne," Bwana Foy akasema.

"Nilikuwa nashukuru watu. Kwenu hawashukuru?"

"Na koni?"

"Koni haikujitolea."

Bwana Foy alicheka, na hilo tumpe haki yake. Alicheka mpaka akatoa miwani akaifuta. Kisha akamfelisha, huku bado anacheka kidogo, na akaingia chini ya gari na shati lake safi kuitoa ile koni. Elva alibaki amesimama kando ya barabara. Hakutukana. Kijana wa koleo aliyekuja kusaidia aliniambia baadaye kwamba jambo lililomtisha ni hilo, kwamba yule bibi hakutukana.

Kurudia mtihani haikuwezekana. Leseni yake ilikuwa inakwisha wiki ileile, na Bwana Foy angerudi Wirrabah msimu mwingine. Iliyobaki ni ile ndogo. Elva aliingia ofisini, akampita Clarrie bila kumtazama, akaenda moja kwa moja dirishani kwa Tegan. Huyu Tegan alipanda basi la Elva tangu darasa la kwanza, na alishushwa njiani mara mbili kwa sababu ya mdomo.

"Pole, Bi Elva," Tegan akasema. "Tumeshasikia."

"Mmesikia saa ngapi? Ndiyo kwanza naingia!"

"Mwenye kibao ni shangazi yangu."

Nyuma yake palikuwa na foleni, na foleni yote ilikuwa imetega masikio, maana Wirrabah hatuna sinema. Marg Dunstan wa duka la dawa alikuwepo, na mimi nilikuwepo, nimekuja kwa ajili ya trela. Clarrie alinyanyuka kwenye benchi, akaja kwa kupapasa kuta, akasimama pembeni ya mke wake wa zamani.

"Umefeli?"

"Nimefeli."

"Kwa nini?"

"Kwa adabu."

Tegan akaeleza. Leseni ndogo ilikuwa na duara la kilomita kumi kuzunguka nyumba. Daktari yumo, duka limo, kanisa limo.

"Kanisa liondoe," Elva akasema. "Niongezee upande wa pili."

"Haliondoki, Bi Elva, ni duara. Lakini unaruhusiwa kuomba barabara moja nje ya hapo. Moja tu, mchana tu, na iwe na sababu."

"Yarranook!" Clarrie akasema papo hapo. "Andika Yarranook, binti. Jumamosi nne tu, anapata fulana yake."

Foleni ikakubali. Hakukuwa na cha kujadili. Yarranook kulikuwa na mbio kila Jumamosi, kuzunguka ziwa, mashariki. Marg alisema afadhali, na watu wawili wakamwambia Elva hongera ya mapema. Tegan alikuwa ameshaandika herufi ya kwanza.

"Acha kwanza," Elva akasema.

"Nini tena?" Clarrie akamuuliza. "Usiwe mjinga, Elva. Miaka kumi umeihangaikia."

"Nimesema aache. Tegan, futa hiyo." Elva aliweka mkoba juu ya kaunta, akaufungua, akaufunga. "Andika Gunnalong."

Tegan akainua macho. "Gunnalong hakuna mbio."

"Najua."

"Gunnalong hakuna kitu, Bi Elva. Hospitali hakuna. Kuna nini kule?"

"Kuna Clarrie."

Foleni nzima ikasogea karibu na kaunta. Marg Dunstan, ambaye Mungu alimpa mambo mengi ila subira hakumpa, akashindwa kuvumilia. "Elva, mama, si ahamie tu kwako? Nyumba kubwa, uko peke yako."

"Marg, huyu nimeshamfukuza mara moja, na ilinichukua miaka ishirini na sita kukata shauri. Nikianza upya nitamaliza lini?" Kisha akamgeukia Tegan, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kukaa naye siwezi. Lakini wiki ikipita sijamsikia akiniudhi, siwi mzima. Naumwa. Andika hivyo."

"Nafasi kwenye fomu ni ndogo," Tegan akasema polepole. "Wanataka tu uhusiano. Yeye ni nani wako?"

Mwanamke yule alikuwa na jibu la kila kitu. Aliwahi kumjibu askofu. Pale alisimama anautazama mkono wa Tegan wenye kalamu. Nilitaka kutazama pembeni, nikashindwa.

"Ni mtu wangu," Elva akasema.

Tegan akaandika. Clarrie alikuwa amesimama palepale, kichwa kimeinama upande mmoja kama anavyofanya akitafuta sauti.

"Elva. Fulana yako je?"

"Fulana ninazo."

"Gunnalong hakuna hata bustani. Kuna mimi na kuku."

"Clarrie, kuku wako nawajua."

"Sasa Ijumaa utakuja kufanya nini?"

Elva alichukua leseni yake ndogo, akaitia kwenye mkoba. Alitafuta kisingizio, tukamwona anavyokitafuta, na hakukuwa na hata kimoja.

"Nitakuja tu," akasema.

Clarrie alijifuta macho kwa kiganja. Akaanza kupapasa mifuko yake yote kutafuta leso, ya koti, ya suruali, ya koti tena. Elva akatoa leso yake mwenyewe, akamsukumia mkononi, kisha akatugeukia sisi tuliokuwa kwenye foleni.

"Na nyie mnatazama nini?" akasema. "Hamna kwenu?"